Pikipiki Mbili za Miembeni

Nakumbuka, mwanangu, safari iliyonirudisha nyumbani Izigo, kijiji chetu upande wa Bukoba. Nilitoka Tanga na begi moja. Nikapanda basi, kisha treni ya Mwanza iliyokuwa ikisimama porini hadi abiria tukajuana majina ya watoto, halafu meli ya kuvuka ziwa, nimekalia gunia la mtu. Nilishuka Bukoba asubuhi miguu imevimba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali hadi mgomba niliopanda ukazaa.

Nilirudi kwa sababu nilisikia dada yangu Kemilembe anakohoa na amekonda. Vita vya Amini vilikuwa vimepita, lakini vijiji vyetu vilikuwa bado vinazika, sasa kwa UKIMWI. Miaka ile ukikonda, watu walikusalimia kwa mbali, na wengine walianza kuulizana nani atabaki na kibanja chako cha migomba. Kemi aliwahi kuuza vitenge mpakani, ambako watu walisema ndiko ugonjwa ulikotoka, basi majirani wakawa wamekwisha mzika midomoni.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari akampima, akasema ni kifua kikuu, na ule ugonjwa mwingine hana.

"Sindano kila siku kwa miezi miwili, halafu vidonge," alisema. "Asipokatisha, atapona."

Nilicheka mbele ya daktari kwa furaha, kisha nikakumbuka vilima vilivyo kati ya nyumbani na hospitali. Wodi zilijaa, wagonjwa wanalala chini, kwa hiyo ilibidi awe anatoka nyumbani na kurudi. Naye alikuwa hawezi kufika jikoni bila kushika ukuta. Siku za kwanza nilimweka kwenye baiskeli nikawa nasukuma; tukirudi, wagonjwa tunakuwa wawili. Nikaona dawa ya vilima vile ni pikipiki, na akiba yangu ya kuzurura ingetosha.

Shangazi Nyamwiza, dada wa baba aliyetulea, akasema hanunui mtu chombo cha kumbebea Kemi bila yeye kukiona. Nikanuna kidogo. Mwanamke asiyejua breki iko wapi atanisaidia nini?

Tulianzia mjini Bukoba, mtaa wa Kibeta. Pikipiki ya huko ilitoka Uganda baada ya vita, imepakwa rangi juu ya rangi. Shangazi akauliza, "Mwenyewe wa kwanza yuko wapi?" Muuzaji akakohoa. Tukaaga.

Miembeni kulikuwa na duka la nguo la mzee Dinu, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Bukoba, ambaye ndugu zake wengi walikuwa wamehama. Nyuma ya duka alikuwa na pikipiki mbili za Kijapani, za zamani, aina moja, ukubwa mmoja. Moja ilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya, ikaletwa na mtaalamu wa kigeni aliyekwisha ondoka. Nyingine ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu.

Ile ya Ulaya, mwanangu, ilikuwa nyekundu, ina taa za kuonyesha kona, vioo viwili, bomba linalong'aa, na mnyororo uko wazi kama mkufu wa bibi harusi. Ya kwetu ilikuwa rangi ya moshi. Mnyororo wake ulifunikwa wote kwa bati, kiti kirefu, keria pana ya chuma, na ubavuni kikanyagio cha mtu anayekaa upande. Sproketi yake ya nyuma, ile gia ya meno inayoshika mnyororo, ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo haikimbii, ila inapanda.

"Injini ni ile ile," alisema mzee Dinu. "Mjapani amebadilisha nguo tu."

"Basi nipe yenye nguo nzuri," nikasema, nikaiwasha ile nyekundu.

"Ngoja nipande," akasema shangazi. Akakaa upande, kama mama zetu wote walivyokuwa wakikaa, miguu inaning'inia. Nikaiondoa polepole. Hatujafika hata mlango wa uani, nikasikia kitu kinavutwa, shangazi akapiga kelele, injini ikazima. Pindo la kitenge chake lilikuwa limemezwa na mnyororo, naye ameshavutwa hadi goti moja liko chini.

Mzee Dinu alikuja mbio na mkasi wa dukani. "Nimekata vitambaa maisha yangu yote," alisema, "sijawahi kukata mteja akiwa ndani!"

Shangazi alisimama, mguu mzima, kitenge nusu. Nilishusha pumzi ambayo nadhani ilisikika hadi ziwani.

"Umetazama taa, umetazama vioo, umeuliza inavyokimbia," akaniambia. "Umeuliza Kemi ataweka mguu wapi?"

"Angekaa kama wanaume, shangazi."

"Mgonjwa asiyeweza kusimama, apande farasi? Waitu jamani, huko Tanga walikufundisha nini?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekilalia upande wa mbele tu.

Tukanunua ile ya rangi ya moshi. Kila siku nilimkalisha Kemi upande, miguu kwenye kikanyagio, nimemfunga kwangu kwa kanga. Ilipanda vilima ikilalamika kama mzee, lakini ilipanda. Hakukosa sindano hata moja. Kikohozi kikapungua, mashavu yakarudi, na daktari alipopima tena makohozi akayakuta safi, shangazi alikaa chini pale pale kwenye veranda ya hospitali akalia, kisha akauliza kama pana mahali panauzwa ndizi za kuchoma.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, Kemi ndiye aliyeniendesha hadi bandarini, amevaa suruali yangu kuukuu, shangazi akijifanya hajaiona. Waliomzika midomoni walisimama njiani wakimpungia mkono. Tulipofika akaniambia, "Nenda, wewe miguu yako haitulii. Mimi nipo."

Basi mwanangu, ukilinganisha vyombo, usilinganishe kwa macho ya dereva peke yake. Mlete atakayebebwa, akikalie kwanza. Hata nyumba, hata kazi, hata safari unayotaka kuwachukulia watu wako, waulize wao wataweka mguu wapi kabla hujawasha moto. Na mkubwa akitaka kuja nawe, usinune.

Mungu akupandishe vilima vyako salama, na wote utakaowapakia uwashushe wakiwa wazima.