Muuza Maziwa Apitaye Kwenye Mawe
Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedali, muuza maziwa hupangusa kwa kiganja simu iliyofungwa kwenye usukani wa baiskeli, kisha huibonyeza mpaka ilie. Kwa simu za waendesha baiskeli kama yeye, injinia wa mji huona wanapita wapi. Palipo na wengi ndipo njia yao itakapojengwa. Lami ingemfikisha Kahororo upesi, lakini yeye hushukia kwenye mawe, madumu yakigongana, bodaboda wakimcheka: “Mzee, unatengeneza siagi?” Siku moja mteja wake Alistidia alijikaza, akamuuliza kwa nini anapita huko. Muuza maziwa akamimina maziwa taratibu hadi kikombe kikajaa.

“Waitu, mwenzetu, wanangu huenda shule kwa baiskeli njia hii. Mmoja ameshavunjika mkono. Nataka injinia ajue huku kuna watu.”