Mzee Aliyefuata Betri Zake Hadi Shauri Moyo

Habari za kifo chake nilizipatia soko la Burma, hapa Nairobi, nikiwa nimesimama nangoja muuza nyama anikatie mbavu. "Umesikia yule mzee wa gari la stima?" aliniuliza huku shoka likiwa hewani. "Tumempoteza. Wamemzika kwao magharibi wiki iliyopita." Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, mimi na marehemu, lakini tuliishi mtaa mmoja Buruburu kwa miaka mingi, tukisalimiana getini na kubishana juu ya mpira. Alikuwa fundi wa umeme wa reli hadi alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake, kama ilivyowapata wengi katika muongo huu. Kanisani aliimba besi. Na alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe na kunifurahisha mimi: akishaanza kuuliza jambo, hakuweza kuliacha njiani.

Gari lenyewe la stima, yaani la umeme, lilianza na kifua cha mkewe. Mama yule ana pumu, na kila alipokwenda kanisani ilimbidi asimame kando ya Jogoo Road akingoja usafiri, huku magari ya dizeli yakimtemea moshi usoni. Jumapili moja pumzi ilimkatika pale pale kituoni, wakamrudisha nyumbani amebebwa. Mumewe alitafuta kigari cha zamani kilichokufa injini, akaing'oa, akatia mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo iliyokuwa imetupwa na bohari fulani. Nyuma, palipokuwa na viti, akapanga betri kuukuu zilizofanyiwa ukarabati. Ilimchukua miezi, na majirani tulicheka sana. Siku alipolitoa, sote tulitoka nje kutazama. Mkewe aliketi mbele amevaa kitambaa chake cha kanisani, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Baba, imewaka kweli?" aliuliza. "Mbona haingurumi?"

"Tumeshatoka getini, Mama," mzee akamjibu.

Tangu hapo walikwenda kanisani kwa gari lao, polepole, kimya, bila hata uzi wa moshi. Mama akaanza kulala vizuri. Wakati huo magazeti yalikuwa yameanza kutuletea habari za nchi tajiri zinazojaribu magari ya aina hiyo, nami, mwandishi wa gazeti, nikaona nimepata makala ya bure mlangoni pangu. Nilimwomba ruhusa nimwandike. "Ngoja kwanza," aliniambia. "Sijamaliza kulielewa."

Nilidhani anaona haya. Kumbe alimaanisha. Betri zile zilipochoka, muuzaji wa betri alimletea nyingine na kuzipakia zile za zamani kwenye mkokoteni. Mzee akamuuliza zinakwenda wapi. "Zinaenda tu, mzee. Wewe si umepata zingine?" Jibu hilo halikumtosha. Alikuja kwangu amekwisha kuvaa koti, akasema, "Twende tukaone." Tukaufuata mkokoteni kwa miguu hadi Shauri Moyo, tukaingia nyuma ya nyumba za zamani za baraza la jiji. Pale uani mtu wa makamo, fundi, alikuwa akizipasua betri kwa shoka. Asidi aliimwaga mtaroni. Madini ya risasi yaliyokuwa ndani aliyayeyusha katika karai juu ya moto wa matairi, na moshi wake ulikuwa mzito, wenye ladha ya chuma ulimini.

Mama mmoja alitoka kuanua nguo zake mbio mbio. Mzee akamsalimu, akamuuliza kama moshi ule huja kila siku. "Karibu kila siku," alisema. "Nafunga dirisha hata jua likiwaka. Binti yangu anaumwa na tumbo, hali chakula, amekonda. Daktari aliniuliza kama kuna mtu anachoma betri karibu na sisi."

"Mama, zile pale ni zangu," mzee alisema, akionyesha mkokoteni. "Nina gari lisilotoa moshi."

Yule mama alimtazama bila hasira. "Kumbe," akasema. "Basi huwa unatuletea sisi."

Tuliporudi, alikifunika kigari chake; kikakaa chini ya turubai wiki kadhaa, na mkewe akarudi kusimama barabarani. Kama ningekuwa mimi, hadithi ingeishia hapo, nami ningeandika kwamba gari la umeme ni uongo mtupu. Lakini swali lilikuwa bado halijamwachilia. Aliuliza wenzake wa zamani wa reli, akaambiwa kuna kiwanda upande wa Industrial Area kinachonunua betri kuukuu zikiwa nzima na kuziyeyusha ndani ya tanuru lililofungwa. Akaenda kujionea. Kisha akarudi Shauri Moyo mara nyingi, akabishana na yule fundi. "Nikiacha kuyeyusha nitakula nini, mzee?" Wakaelewana kwamba fundi atazikusanya nzima na kuzipeleka kiwandani, na mzee akamtafutia wenye betri kuukuu Buruburu yote. Ua ule ukapoa, na binti yule, nilivyosikia baadaye, akaanza kula. Mafundi wengine wa mitaa ya jirani waliendelea kama kawaida. Mzee alilijua hilo, na lilimkera.

Gari likarudi barabarani. Halafu ukaja ukame huu, mabwawa yakapungua maji, stima ikawa ya zamu. Nilimkuta getini akisikiliza jenereta za majirani zikinguruma kila upande. "Nilidhani stima yangu ni ya maji," aliniambia. "Sasa inachomwa dizeli kuitengeneza, ili mimi nisichome dizeli. Hebu niambie, hesabu hiyo inakuwaje?" Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyepewa kazi mpya. Hayo ndiyo maongezi yetu ya mwisho.

Nimekwenda kumpa pole mjane wake. Nilimuuliza kama marehemu alipata kuamua iwapo gari lile lilikuwa jema au baya. Alitabasamu. "Aliniambia ni bora kuliko yale ya barabarani, lakini si safi. Akasema anayesema ni safi hajatembea."

Nami nimeishika hiyo kama ruhusa niliyoiomba zamani. Magari haya yatafika kwetu siku moja, mapya na ya kung'aa, na tutaambiwa hayachafui kitu. Moshi wa Jogoo Road unaua, kwa hiyo tuyapokee kwa furaha. Ila kabla hatujapiga makofi, tumuulize muuzaji stima yake inatoka wapi na betri zake zikichoka zinapelekwa uani kwa nani. Akitujibu kwamba zinaenda tu, tuvae makoti twende tukaone.