Ua Tulilokatazwa

Nilipokuwa mtoto, kila mvua za kwanza ziliponyesha, mimi na mdogo wangu Kabula tulikimbilia ngitilini, kwenye malisho ambayo ukoo wetu uliyatenga nje kidogo ya Tinde ili majani yapate kupumzika. Tulilala kifudifudi kutazama vidudu vyekundu, laini kama mahameli, vikitoka ardhini. Kabula, aliyekuwa na miaka sita, aliweza kumfuata nyuki mmoja ua kwa ua mpaka nimwite mara tatu.

Ua moja tulikatazwa. Lilichomoza kabla ya majani yake, jekundu, la mviringo kama ngumi.

"Hilo ni la waliolala chini ya udongo," Bibi alituambia. "Ukiliingiza nyumbani, litaita mtu."

Mimi nililichuma. Nilikuwa na miaka tisa na nililitaka, basi. Nikalitia kwenye kikombe cha maji chini ya kitanda chetu. Kabula aliniona, akaomba nilirudishe. Nikamwambia anyamaze.

Siku ya tatu, mchana, simu ilipigwa kutoka Geita. Duara, shimo alimochimba dhahabu kaka yetu Masanja, lilikuwa limelowa mvua, likamporomokea akiwa ndani.

Wanawake walipotoa kitanda ili waombolezaji wapate pa kukaa, Bibi akakiona kikombe.

"Nani kaleta hili?"

Mama hakungoja jibu. Wote walijua ni yupi kati yetu anayependa maua. Alimshika Kabula mabega.

"Umemwita kaka yako," alimwambia, taratibu kabisa.

Kabula alinitazama. Nikatazama chini. Hakunitaja.

Mama hakulizungumza tena jambo hilo, lakini sikumwona akimpakata Kabula tangu siku ile. Alimpikia, alimvalisha, alimpeleka shule. Kumpakata, hapana. Na Kabula hakurudi ngitilini.

Mwaka jana tulimzika Mama. Watu walipotawanyika, ndipo nikamwomba mdogo wangu msamaha. Alikuwa akikunja kanga za marehemu, wala hakuacha kukunja.

"Ungemwambia yeye, dada," alisema.

Siku hizi najua kwamba mvua iliyolichipusha ua ndiyo iliyolainisha udongo wa duara. Masanja angekufa hata kama nisingelichuma. Sijui kama Bibi angekubali maneno hayo. Lakini Kabula alimkosa mama yake miaka yote waliyoishi nyumba moja, na hilo halikuletwa na mvua wala na ua. Nililileta mimi, kwa kutazama chini.