Migongo ya Ukutani kwa Lukumani

Nyumba ya Lukumani, kule Ludara, haikuwa na mfano wilaya nzima ya Koboko. Kuta zake za udongo zilijaa watu. Aliwafinyanga palepale ukutani, kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mavi ya ng'ombe, akawapaka majivu na udongo mwekundu. Mlango aliuzungushia makombe ya konokono wa mtoni na vipande vya sahani zilizovunjika, na vibuyu alivitoboatoboa vikawa taa. Wageni walitoka hata Arua kuja kupiga picha kwa simu na kuisifu mikono ya mzee. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na udongo wote huo nani aliyeukanda? Hawah, mkewe.

Watu wa ukutani wote walikuwa wamegeuka, hakuna hata mmoja aliyeonyesha uso. Ilisemekana Lukumani anaogopa kufinyanga nyuso kwa sababu ya dini, na Hawah naye aliamini hivyo, maana mumewe si mtu wa kueleza mambo. Lakini mgongo wa mtu unajulikana. Yule mwenye bega lililoshuka ni marehemu baba mkwe, askari wa zamani. Yule aliyebeba mtoto ni shangazi Poni, aliyevuka mpaka wakati wa vita asirudi tena. Kasimiro, fundi baiskeli aliyehamia Juba, yupo na baiskeli yake. Hata yule mbuzi mweusi aliyeuzwa yupo. Hawah peke yake ndiye hakuwapo.

Jambo hilo lilimchoma. Amemzalia, amemkandia udongo mpaka viganja vimekakamaa, halafu mbuzi ndiye anayetangulia kupata ukuta! Mwaka huu, mvua ilipokatika na kuta zikawa za kusiribwa upya, alimkuta mumewe akimfinyanga Soka, muuza mihogo aliyehamia Adumi juzi tu. Hawah akauliza, kwa upole wa mtu anayejizuia, yeye atawekwa lini. Lukumani akajibu kwamba Hawah bado. Bado nini, hakusema.

Uvumilivu ukamwishia. Akafunga nguo zake kwenye kitenge, akajitwika furushi, akampita mumewe pale mlangoni, akaondoka bila kuaga kwenda Arua kwa kaka yake Siraji, wala hakugeuka nyuma. Kwa Siraji alikula vizuri na kulala vibaya. Binti yao Shakira alipopiga simu kusema baba hali chakula, anashinda ukutani tu, Hawah akajibu kwamba hayo ni shauri yake. Kesho yake asubuhi akapanda gari la Koboko.

Alimkuta Lukumani amechuchumaa kando ya mlango, mikono imejaa udongo. Ukutani palikuwa na mwanamke mpya, bado mbichi: furushi kichwani, kisigino kimoja kimeinuka, kitenge kimefungwa harakaharaka. Alikuwa yeye, tena mzuri kuliko wote, na Hawah alifurahi mpaka akasahau kununa. Kisha akauliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo.

"Hii watu yote ilienda," Lukumani akasema bila kumtazama. "Mimi nabaki kwa mulango, naona mugongo tu. Mugongo yako mimi ilikuwa hapana jua, Mama Shakira. Sasa najua."

Hawah akawatazama tena: baba mkwe, Poni, Kasimiro, Soka. Kumbe haikuwa dini. Kila mmoja alikuwa pale jinsi Lukumani alivyomwona mara ya mwisho, akiondoka. Machozi yakamtoka, na akampenda yule mzee wake kuliko siku ya ndoa yao.

Akashusha furushi, akachota maji mtungini, akalowesha kiganja na kuanza kumfuta yule mwanamke: kitenge, kisigino, mgongo. Lukumani hakumzuia.

"Leta maji ingine," Hawah akamwambia. "Hii udongo inakauka."

Lukumani akainuka haraka kwenda kuchota.