Povu la Kijito cha Masako

Sabuni ya mawese ina harufu nzito, ya mafuta na majivu kwa pamoja. Hata leo, nikiinusa sokoni, narudi Masako, nje kidogo ya Kisangani, kwenye kijito cheusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Enzi hizo za Zaire tulivaa shati jeupe shuleni, nami nilikuwa nalo moja tu. Kila Jumatatu mwalimu alipita mstari kwa mstari, na mwenye shati chafu alirudishwa nyumbani. Jumamosi moja nilitoka shule moja kwa moja hadi shambani kwa mama, nikala, nikalimwagia shati mawese. Mama akaamua kulifua palepale kijitoni.

"Mama, maji iko nyeusi! Shati itakuwa ya kahawa!"

"Lia tu, mutoto ya ville," akacheka, maana nyumbani kwetu kulikuwa mjini. "Kwa kisima ya nyumbani hii kipande ya sabuni itaisha bure."

Tonton, mdogo wake mama, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa hapo akichota maji ya kijito ili akayapime. Akachukua chupa mbili. Moja akaitia maji ya kisima tuliyobeba ya kunywa, nyingine maji meusi. Akakwangua sabuni, akagawa sawasawa.

"Bon, tikisa."

Nikatikisa. Maji ya kisima, maangavu vile, yakatoa utando kama maziwa yaliyoharibika. Maji meusi yakapanda povu hadi shingoni mwa chupa.

"Ya kisima imepita kwa mawe, ikabeba chokaa," tonton akasema. "Chokaa inakula sabuni. Hii ya huku imepita kwa majani tu."

"Donc ni hiyo unasoma miaka yote?" mama akamtania. "Povu?"

"Ni hiyo, yaya," akamjibu dada yake.

Shati lilikauka jeupe. Jumatatu mwalimu alinipita bila kusimama, nikadhani habari imeishia hapo.

Baadaye sana, nilipoanza kupima mito mwenyewe, ndipo nilipoelewa. Chokaa ile inayokula sabuni ndiyo pia inayotuliza uchachu wa maji, na kijito chetu hakikuwa nayo. Mvua ikichelewa, majani yakarundikana, kisha yakasombwa kwa mkupuo mmoja, maji yale huwa machachu upesi, na samaki wadogo hawana pa kukimbilia. Msiogope maneno ya maabara, wasomaji wangu. Jambo lenyewe ni hilo tu.

Niliogopa kijito kitaharibu shati langu. Sikujua kwamba kati ya viwili hivyo, kilichokuwa rahisi kuharibika ni kijito.