Programu Niliyoiondoa Bila Kusoma

Juzi nilijiaibisha kazini, na mpaka leo siwezi kumtazama Njoroge usoni.

Tunafanya kazi pamoja kwenye cyber ya Mzee Abdi, hapa Eldoret mjini. Njoroge alichomewa nyumba kule Ainabkoi wakati wa vurugu za uchaguzi, na ni majuzi tu amepata moyo wa kurudi huku.

Mimi ndiye ninayejiita fundi wa Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu. Jioni moja niliamua kuondoa programu iitwayo Python kwenye kompyuta ya kwanza, nikidhani ni kitu cha zamani kinachojaza nafasi bure. Mashine ikanionyesha programu nyingi zinazoitegemea, ambazo zingeondoka nayo, ikauliza kama nataka kuendelea. Sikusoma. Nikajibu ndiyo, nikazima, nikaenda zangu.

Asubuhi skrini ilikuwa nyeusi, maandishi tu. Mzee Abdi akauliza ni nani ameiharibu.

"Muulize Njoroge," nikasema. "Hawa watu waliochomewa nyumba wamerudi na kisasi."

Njoroge akajibu polepole, "Mzee, hiyo mashine hata sijaikalia." Kisha akachukua jaketi lake.

"Ngoja kwanza," Mzee akamwambia, akanigeukia. "Na wewe jana uliifanyia nini?"

"Nilitoa tu kaprogramu kazee. Hakawezi kudhuru kitu. Wacha nikuonyeshe."

Nikakaa kwenye kompyuta ya pili, wateja wakitazama. Nikaandika amri ileile, nikajibu ndiyo, nikaizima, nikaiwasha.

Ikawaka nyeusi, maandishi tu. Wateja wote walikuwa wakiangalia skrini. Njoroge, jaketi mkononi, alikuwa akiniangalia mimi.