Ndege za Kwenye Shuka

Jamani, mimi nimewahi kuvutwa miguu kutoka chini ya Landrova mbele ya kambi nzima, nimevaa shati jeupe la ofisini, na aliyenivuta ni mgeni wa serikali. Kama ni kucheka chekeni sasa, maana huko mbele hakuchekeki.

Nilikuwa kijana wa idara ya habari pale Mtwara, nimehamishiwa kutoka Singida, kazi yangu kuzunguka vijijini na gari la sinema. Vita ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa imepamba moto, Wareno wanapiga mabomu, watu wanavuka mto na watoto mgongoni, na kila nchi iliyotaka kuitwa rafiki wa ukombozi ilituma wageni wenye kamera na filamu za kwao. Huyu wetu alikuja na filamu ya sherehe za uhuru wa nchi yake, tukaionyeshe kwenye kambi ya wakimbizi kusini ya Nanyamba, wajue hawako peke yao. Mchana akaniambia, "Tuitazame kwanza sisi wawili." Nikamjibu hakuna haja, filamu za sherehe zote ni zilezile (ukweli ni kwamba nilitaka kupiga pasi shati).

Giza lilipoingia tukatundika shuka, watu wakajaa, na mbele kabisa alikaa Mama Atanasia, Mmakonde aliyekuwa kiongozi wa kina mama pale kambini, pamoja na mama yake mzazi, bibi kizee mwenye chale usoni, kwenye kigoda. Zikapita bendera, zikapita ngoma, watoto wa kule wanapunga mikono, wa kwetu wanapiga makofi, nami nikaona nikoleze raha, nikafungua sauti mpaka mwisho. Ndipo zikaja ndege. Za maonyesho tu, zimejipanga vizuri, lakini zilitokea nyuma ya milima zikija moja kwa moja usoni petu, na kipaza sauti kikanguruma mpaka kifua kikatetemeka.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndege!" Basi. Wote wakainuka wakakimbilia mahandaki waliyochimba nyuma ya vibanda, wanakanyagana, wanaitana majina ya watoto, na mimi, mwenye filamu, niliyejua kabisa kwamba lile ni shuka, nikajikuta chini ya gari, mdomo umejaa mchanga.

Mgeni akanivuta. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Hawajawahi kuona sinema?"

"Hapana, bwana," nikamwambia huku natema mchanga. "Wamewahi kuona ndege."

Tulipozima mashine ndipo tukasikia kilio handakini. Yule bibi alikuwa chini kabisa, wenzake walimwangukia. Mama Atanasia alimpakata, hakulia. Akanitazama.

"Tulivuka naye mto mabomu yakianguka, akafika mzima," alisema. "Umekuja kumuulia huku, Bwana Sinema?"

Tukamzika kesho yake. Mgeni alitupia udongo akilia, alilia kwelikweli, sitamsingizia.

Miezi ikapita, gazeti la kwao likafika ofisini kwetu, na humo picha ya watu wakikimbia (aliipiga saa ngapi, Mungu anajua), na chini yake maneno kwamba wanavijiji wa Afrika wanashangaa sinema kwa mara ya kwanza. Nikampelekea Mama Atanasia, nikamsomea kama lilivyo, maana kumficha niliona ni kumzika mama yake mara ya pili. Akaitazama picha kwa muda mrefu akimtafuta mama yake, hakumwona.

"Sinema?" akasema. "Mapadri walikuwa wanatuonyesha kule misheni tangu nikiwa mtoto." Kisha akaniuliza taratibu, "Na hao waliolisoma, walicheka?"

Nikalikunja gazeti.

Tangu hapo sijamwonyesha mtu filamu ambayo mwenyewe sijaitazama mpaka mwisho. Na mgeni akija kuniuliza watu hawa wanasema nini, namwambia akae chini awaulize wenyewe, mimi nitatafsiri neno kwa neno, hata kama jua litatuzamia hapo. Wengine walinuna wakaondoka. Niliwaacha waende.